Carol, Karen na sehemu iliyokosekana: msimu wa nne wa The Walking Dead

Nimeifikia The Walking Dead, mfululizo wa televisheni juu ya watu wanaojaribu kuishi kati ya maiti wanaoamka, wakati wenzangu wameshaisahau. Marekani ilianza kuonyeshwa Oktoba 2010 na ikamalizika Novemba 2022, misimu 11, sehemu 177. Mimi nimeianza mwaka huu hapa Goma, kwenye flashi, kwa kijana anayejaza filamu karibu na soko, franka elfu moja kwa msimu, sauti ya Kifaransa. Naandika juu ya msimu wa nne peke yake, maana huo ndio uliotugombanisha nyumbani karibu wiki tatu.

Tunaangalia jioni umeme ukirudi: mimi, yaya yangu (dada yangu mkubwa), shemeji ambaye ni motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, na mama jirani anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Huyo huja na kigoda chake mwenyewe, hukiweka karibu na mlango, na mara nyingi haongei.

Kwa asiyeijua: watu wamekimbilia ndani ya gereza, wamelifanya kijiji, wanalima na kufuga nguruwe. Unaingia ugonjwa wa kikohozi. Mtu anakohoa damu, anafariki usiku, kisha anaamka akiwa maiti inayong'ata wengine. Karen na David wanaanza kuugua, wanatengwa. Tyreese, mpenzi wake Karen, anakwenda kumsalimia akiwa na maua mkononi. Anakuta chumba kitupu na mburuzo wa damu sakafuni. Anaufuata mpaka nje uani, anakuta miili miwili imechomwa moto. Aliyefanya ni Carol, mmoja wa wakaaji wa gereza, ili ugonjwa usienee. Rick, kiongozi wao, anapomuuliza, hazunguki: anakubali. Katika sehemu ya nne Rick anampa gari na chakula, anamwambia asirudi tena.

Mashabiki wengi walimkasirikia Rick, wakamtetea Carol, na kwetu ikawa vilevile. Shemeji alisema kwa sauti kubwa: "Rick alitaka Carol angoje wafe, halafu waamke wamalize watoto?" Mimi nilikuwa upande wake. Carol ndiye mama aliyekuwa akipigwa na mumewe katika msimu wa kwanza, akampoteza binti yake Sophia katika msimu wa pili. Kumwona leo amesimama, anaamua, haombi ruhusa kwa mtu, kulinigusa. Yaya peke yake alimtetea Rick. Alisema Carol hakumwuliza yeyote, hata mzee Hershel anayejua kutibu. Tukamnyamazisha. Mama jirani alisema neno moja tu: "Walikuwa bado hawajakufa."

Sasa kuhusu flashi, na hapa nina malalamiko ya kweli. Sehemu ya 5 haikuwemo. Tulitoka ya 4 tukaingia ya 6 bila kugundua, kwa sababu ya 6 na ya 7 zinamfuata Gavana, adui wa watu wa gereza, peke yake na hazirudi gerezani sana (ni nzito, zinakwenda polepole mno, nilisinzia). Tulishtuka kwenye ya 8, vita ikianza: Glenn, mmoja wa wagonjwa wa gereza, yumo ndani ya basi, dhaifu lakini hai. Shemeji akauliza: "Huyu si tulimwacha anakufa?" Kumbe karibu wiki mbili tulikuwa tunahukumu kesi huku ushahidi mmoja umeachwa dukani. Asubuhi nikarudi. Kijana akasema flashi ilijaa, akaruka sehemu moja. Alijua, hakuniambia, na alichukua feza kamili. Kwa mfululizo wa namna hii hilo si jambo dogo.

Tuliiangalia sehemu ya 5 usiku huo huo. Hershel, mzee mwenye mguu mmoja, anazunguka kwenye vyumba vya wagonjwa na chai ya matunda ya mwituni aliyoyachuma mwenyewe. Mtu akifariki, haruhusu wengine waone anavyomalizwa. Anausukuma mwili mpaka pembeni na kuufunika shuka kwanza. Glenn anaanguka, damu inamziba koo. Kifaa cha kumpulizia pumzi kimebaki kwenye uso wa maiti iliyokwisha kuamka, na mzee anapigana nayo ili akipate. Anamwekea Glenn mrija kooni, anaminya kile kipira, anaminya, mpaka kifua kinapanda. Kisha wenzao wanafika na dawa. Glenn anapona. Sasha, dada yake Tyreese, naye anapona.

Yaya alisimamisha picha. Hakusema "niliwaambia". Mama jirani ndiye aliyeongea.

Alitukumbusha Julai 2019, Ebola ilipofika Goma. Wa kwanza alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo, akafariki. Sote tunazikumbuka zile ndoo za maji ya klori kwenye kila mlango, kupimwa joto kwenye kipaji cha uso kabla ya kuingia popote, mikono tuliyoacha kupeana. Baadaye mwezi huo baba mmoja alifariki, na mke wake na mtoto wao wa mwaka mmoja walikuwa wameambukizwa. "Sokoni tulisema wale wamekwisha," mama alisema. "Mimi pia nilisema." Agosti, mama yule na mtoto wake walitoka kwenye kituo cha matibabu wamepona.

Tangu hapo siwezi tena kuliangalia tendo la Carol kama mwanzo. Bado nampenda. Lakini mashabiki wanaosema alikuwa "jasiri kuliko wote" wanahesabu waliobaki tu. Karen alikuwa mgonjwa wa siku moja, na ndani ya gereza hilohilo kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kumkalia kitandani usiku kucha.

Wengi wanaichanganya kesi hii na ile ya sehemu ya 14, Carol anapomuua mtoto Lizzie baada ya Lizzie kumuua mdogo wake Mika. Mimi nazitenga. Pale hakuna Hershel, hakuna dawa ya kwenda kutafuta, kuna mtoto mchanga Judith ndani ya nyumba. Na usiku huo Carol anakaa mezani na Tyreese, anamwambia ukweli juu ya Karen, anamsogezea bunduki. Tyreese anamsamehe, na anamwambia wazi kwamba hatasahau. Nililia, sioni haya kusema.

Msimu wenyewe naupa nyota tano kati ya tano, kwa sababu hauchagui kwa niaba yako. Duka naliachia mbili. Ukienda kujaza flashi, hesabu faili kabla ya kulipa: msimu wa nne una sehemu 16.

Jana tumeanza wa tano. Carol anarudi, amejipaka damu ya maiti, analipua tangi la gesi na kuwaokoa wote, akiwemo Rick aliyemfukuza. Rafiki yake Daryl alipomkimbilia na kumkumbatia, mama jirani ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Alipokuwa anabeba kigoda chake kwenda kulala, alirudia mlangoni: "Karen angepona, lakini."