Fundi aliyetoboa ukuta ili ukauke

Huduma hii naisifu kwa moyo wote. Ukuta wa bloku wa chumba cha kulala ulikuwa ukitoa unga mweupe wa chumvi, na kila baada ya mvua rangi ilivimba na kubanduka. Mafundi waliotangulia waliupiga rangi ya mafuta kwa ndani, wakaondoka. Huyu hakugusa brashi. Alibandika kipande cha nailoni ukutani, akakizungushia utepe kingo zote, akakiacha hadi kesho yake. Matone yakaonekana upande unaogusa ukuta, si upande wa chumbani. Hapo akajua unyevu unatoka ukutani, si kwenye hewa ya chumba.

Akaenda nje. Mota, yaani mchanganyiko wa saruji unaounganisha bloku, ilikuwa imepasuka chini ya dirisha. Akaichokoa na kuijaza upya. Kilichonifurahisha zaidi ni matundu madogo aliyotoboa kwenye kozi (safu ya bloku) ya chini kabisa, kwa nje. Maji yakaanza kuchuruzika kutoka ndani ya mashimo ya bloku! Rangi ya mafuta ilikuwa ikiyafungia humo muda wote. Akaikwangua yote.

Kusubiri ukuta ukauke kulichukua wiki kadhaa, na hilo alipaswa kunieleza mapema. Vumbi la drili pia aliliacha. Mwishoni alipaka nje dawa ya saileni, inayozuia mvua lakini inaruhusu mvuke kutoka. Mvua kubwa zimeshapita na plasta ni kavu. Nampa nyota nne kati ya tano.