GDB na Python yake ya ndani, uzoefu wangu

Wadau, mimi niko Mombasa naandika C++, programu ya mizani ya malori, na dibaga yangu, yani programu ya kusakia makosa kwa kodi, ni GDB tu, ya bure na wala sijaona sababu ya kuhama. Kinachonishika zaidi ni ile Python, lugha ya kuiandikia skripti, iliyomo ndani yake, imo tangu toleo la 7.0 la mwaka 2009.

Kazi yake kubwa kwangu ni skripti za kupanga data isomeke, yani badala ya kumwagiwa pointa, yani anwani za memori, waona orodha ya malori na uzito wake, raha mno. Sasa kuna skripti moja tulirithi kwa jamaa aliyeacha kazi, ukiweka brekpointi (pa kuisimamisha programu) mwanzo wa fankisheni ukaandika info locals, amri ya kuonyesha variabo za fankisheni hiyo, GDB yaganda, memori yapanda, feni ya laptop yanguruma kama tuktuk iliyobeba abiria watano, ama siku nyengine watupiwa mstari mmoja wa gdb.MemoryError, yani memori haisomeki, halafu kimya. Kosa liko laini gani? Hausemi. Wallahi hapo nilikereka, manake GDB usipogusa mipangilio yake yaonyesha ujumbe wa kosa peke yake. Andika set python print-stack full ndo utaletewa njia yote ya kosa, laini kwa laini.

Kumbe pale mwanzo variabo hazijajazwa bado, ile saizi ni takataka iliyobaki kwa memori, na skripti yaiamini, yaanza kukusanya malori mabilioni kwa listi kabla haijarudisha hata moja. Nikaibadilisha ile children, fankisheni ya skripti inayotoa vitu vya ndani, itumie yield, itoe moja moja, hapo GDB yenyewe yakata ikifika 200, ndo kikomo cha print elements (vitu vingapi vionyeshwe) kama hujakibadilisha, na saizi isiyoingia akilini nikaiandikia tu "bado haijajazwa". Sasa info locals yajibu papo hapo. Ukitaka kuona data mbichi bila skripti, kuna print /r.

Ila ujue Python inayotumika humo ni ile GDB ilijengwa nayo, si ya venv yako (Python ya kando ya mradi wako), kwa hivyo usishangae import ikikataa na maktaba ushaiweka kwa pip, kile kisakinishi cha Python.

Naipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya print-stack, mbona isiwe full tangu mwanzo jamani?