Mto wa Kuzuia Kukoroma: Pima Kimo Kwanza, Lipa Baadaye

Nilinunua mto ulioandikwa kwa herufi kubwa mbele ya mfuko kwamba unazuia kukoroma. Ulikuwa mweupe, umevimba kama puto, na bei yake ilinifanya nisiitaje nyumbani. Usiku wa tatu mume wangu akanigusa bega: "Mama, huo mto haujazima injini, umeiongezea mafuta." Asubuhi akanisikilizisha alichorekodi kwenye simu. Mkoromo, halafu kimya, halafu pumzi inavutwa kwa nguvu kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Nilitaka kubisha kwamba huyo si mimi, lakini alikuwa amepiga na picha. Nimelala chali, mto umenisukuma kisogo mbele, kidevu kimegandamana na kifua, mdomo wazi.

Picha ile ndiyo iliyonifundisha kununua mito.

Kwa hiyo hapa hutakuta habari za rangi, harufu ya lavenda wala kitambaa laini. Foronya utaweka yako. Swali langu ni moja tu, na sijawahi kumsikia muuzaji akilijibu: mto ukishabebeshwa kichwa, unabaki na kimo gani?

Ukilala, misuli ya koo inalegea. Ukiwa chali, ulimi na kaakaa laini vinarudi nyuma kwa uzito wake, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na hewa ikipita kwa shida nyama hizo zinatikisika. Huko ndiko kukoroma. Sasa chukua mpira wa kumwagilia bustani uukunje kidogo, uone maji yanavyopungua. Mto mrefu kupita kiasi unalifanyia koo lako hivyo hivyo: shingo inainama mbele na njia inazidi kubana. Mto mfupi kupita kiasi nao, kwa anayelala ubavu, unaangusha kichwa upande na shingo inaamka inauma. Kimo kilichoandikwa kwenye mfuko, kama kimeandikwa, ni cha mto usiolaliwa. Hakikusaidii kitu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5. Kwa hiyo mimi hutumia dumu la maji la lita 5, ambalo nalo ni kilo 5. Liweke katikati ya mto, liache nusu saa, kisha simamisha rula pembeni yake usome sentimita. Ule mto wangu wa puto ulianza na sm 19. Chini ya dumu ulibaki na 14, na kila dumu lilipoegemea kidogo upande mmoja, upande wa pili ulinyanyuka kama ngamia. Kumi na nne kwa mtu anayelala chali! Wakati mimi chali nahitaji kama 8 hivi.

Anayelala ubavu ndiye anayehitaji mto mrefu zaidi. Simama bega likigusa ukuta, kichwa kimenyooka, mtu akupimie kutoka ukutani hadi upande wa kichwa. Toa kidogo kwa sababu bega linazama kwenye godoro. Godoro likiwa laini, toa zaidi. Mimi nilitoka na sm 11. Mume wangu mwenye mabega ya mbeba mizigo alitoka na 14. Halafu watu wanauziwa mito miwili pacha, inafanana kila kitu, eti ya wanandoa.

Kabla ya kupanga mito, jambo moja la kuzungumza kwa uzito. Mto hautibu apnea ya usingizini. Apnea ni pumzi kukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi usiku kucha, na dalili zake ni zile nilizozisikia kwenye simu: kimya, kisha kushtuka. Ongeza kichwa kuuma asubuhi na kusinzia mchana, hata kwenye usukani. Hapo duka la mito si mahali pako pa kwanza, nenda ukapimwe usingizi. Wapimaji huhesabu mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua: 5 hadi 14 ni apnea nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Mimi nilipata 9, na karibu yote yalitokea nikiwa chali. Daktari akaniambia nijifunze kulala ubavu, nipunguze uzito, turudi kupima. Mwenye apnea kali kwa kawaida hupewa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani ili koo lisifunge, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan kule Australia, akaitangaza mwaka 1981. Kama unayo, usiiache kwa sababu umepata mto mzuri. Wewe tafuta mto wenye pembe zilizokatwa ili barakoa isisukumwe ikavuja hewa, na mengine ya hapa chini yasome kwa kujifurahisha.

Haya, mpangilio wangu.

Wa kwanza ni Tempur Original, na sioni haya kusema ninaupendelea. Ni ule wenye umbo la wimbi, mwinuko mmoja chini ya shingo na bonde la kichwa. Sponji yake ni ya memori, ile inayobonyea polepole kufuata umbo lako, aina iliyozaliwa kwenye kazi ya NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1966 ikilenga viti vya ndege. Lakini si historia iliyonivuta. Kilichonivuta ni kwamba unauzwa kwa saizi za kimo, S, M, L, kama viatu. Mtengenezaji amekiri kwamba shingo zetu hazifanani! Dumu langu liliuzamisha polepole kisha likatulia. Nusu saa baadaye rula ilisoma kile kile ilichosoma baada ya dakika tano. Ubaya wake upo: ni mzito, hauingii mashine ya kufulia, siku za kwanza una harufu ya kiwandani, na chumba kikiwa baridi unakuwa mgumu hadi joto la kichwa liulainishe. Shingo inachukua siku kadhaa kuuzoea. Bei inauma. Ukikosea saizi, umenunua tatizo la bei ghali, kwa hiyo rudi ukutani ukapime tena.

Wa pili ni mto wa vipande vya sponji wenye zipu, ambao unapunguza au kuongeza ujazo mwenyewe. Asiyejua kimo chake, au anayegeuka chali na ubavu usiku kucha, aanzie hapa. Toa vipande konzi moja moja, ukilalia kila hatua, na vinavyotoka vihifadhi kwenye mfuko. Kasoro yake ni kwamba vipande vinakimbilia pembeni, hivyo kila jioni inabidi uukung'ute. Mimi mvivu, ndiyo maana umekuwa wa pili.

Wa tatu, lateksi, yaani sponji ya mpira. Hauzami sana, unarudi juu mara moja, haujali baridi. Kwa mlala ubavu mwenye mabega mapana ni mzuri kuliko hata ule wa kwanza, na mume wangu hataki mwingine. Mwenye mzio wa mpira asiuguse.

Wa nne ni mto wa kabari, ule wa mteremko. Huu unainua mwili kuanzia mgongoni, na hapo ndipo ulipo ujanja wake: kifua, shingo na kichwa vinapanda pamoja, shingo haikunjwi. Kuinua mwili kwa mteremko mdogo kunawasaidia baadhi ya wenye apnea, na wenye kiungulia wanaupenda. Tatizo ni watu kuuweka chini ya kichwa peke yake, kisha wanaongeza mto wa kawaida juu yake. Hapo umerudi kwenye ile picha yangu. Pia utateleza. Mimi niliamka nimejikunja chini ya mteremko kama mzigo ulioanguka kutoka kwenye gari.

Mito ya manyoya ya ndege inapendeza mkononi dukani na kulala bapa ifikapo usiku wa manane. Ya nyuzi za poliesta, zile za bei ya chini, miezi miwili mitatu na imekwisha. Ukinunua, nunua mwembamba, usinunue mnene.

Sasa niwaseme wauzaji kidogo. Nilirudisha ule mto wa puto siku ya nne. Nikaambiwa plastiki imefunguliwa, haurudi. Nikauliza, ningeulalia vipi bila kufungua plastiki? Yule kijana akanitazama kwa huruma, akanionyesha mwingine "wa kitabibu", bei mara mbili. Nikauliza kimo chake ukilaliwa. Akaubonyeza kwa kiganja, akasema, "Unasikia ulivyo laini, dada?" Neno "kitabibu" kwenye mfuko huongeza bei na mchoro wa uti wa mgongo, sentimita hakuna. Kuna na ile mito inayobanwa hewa hadi inakuwa kama karatasi. Huwezi kuiona umbo wala kuipima, na ukishaikata ni yako. Tangu hapo swali langu la kwanza dukani si bei, ni siku ngapi za kujaribu nyumbani mfuko ukiwa umefunguliwa. Anayejibu "sifuri" namuaga.

Ndugu msomaji mmoja aliniuliza kama ashone mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana ili asigeuke chali. Ni mbinu ya zamani na inafanya kazi, ila wengi huivua baada ya wiki chache kwa sababu inaumiza. Mimi nimepata kitu laini zaidi. Ule mto wa puto nimeusimamisha nyuma ya mgongo wangu, mrefu, mgumu kupita. Kila nikitaka kugeuka chali unanigomea. Mume wangu anasema hatimaye umeanza kufanya kazi iliyoandikwa kwenye mfuko.