Uzoefu wangu na docker-volume-backup: kuzima kontena, kunakili data, kuliwasha tena

Naitumia docker-volume-backup, zana ya bekapu ya mradi wa offen, kwenye seva zinazoendesha programu ndogo na za kati kwa Docker Compose: hifadhidata moja, programu moja ya wavuti, Redis, na folda ya mafaili ya watumiaji. Kazi yake ni moja. Saa iliyopangwa ikifika, inazima makontena (programu ambazo Docker huendesha kila moja kwenye mazingira yake) yenye lebo fulani, inafungasha voliumu zao (mahali Docker inapotunza data yao) kuwa faili moja la tar, inayawasha tena, kisha inapeleka faili hilo unakotaka: folda ya seva hiyohiyo, hifadhi ya aina ya S3, WebDAV, au seva nyingine kwa SSH. Kwa kazi hiyo naipa alama za juu. Ila anayeiweka haraka haraka na kuondoka anaweza kujikuta na bekapu zinazoonekana nzima na kumbe si nzima, na mara nyingi kosa haliko ndani ya zana. Liko kwenye namna makontena yake yanavyozimika.

Kwanza, kwa nini kuzima kabisa? Kwa sababu hifadhidata inayofanya kazi haikai kwenye faili moja lililotulia. PostgreSQL inaandika mabadiliko kwanza kwenye pg_wal, folda ya WAL (daftari la mabadiliko), halafu baadaye kwenye mafaili ya data. Tar ikipita humo kwa dakika tatu huku watu wanaendelea kuandika, inaokota kurasa za nyakati tofauti, na mkusanyiko huo haukuwahi kuwepo kwenye diski hata kwa sekunde moja. SQLite nayo, ikiwa katika hali ya WAL, huweka maandishi mapya kwenye faili la pembeni linaloishia na -wal. Muunganisho wa mwisho ukifungwa vizuri, yaliyomo humo huhamishiwa kwenye faili kuu na faili la -wal hufutwa. Kwa hiyo ukifungua bekapu ya SQLite na kukuta -wal bado ipo, ujue programu haikufunga hifadhidata kistaarabu. Data bado inaweza kuwa salama, mradi mafaili hayo yarudishwe pamoja. Anayerudisha faili kuu peke yake anapoteza miamala ya mwisho, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaomwambia.

Usanidi wa kuanzia ni huu:

```
services:
  db:
    image: postgres:16
    stop_grace_period: 90s
    restart: always
    labels:
      - docker-volume-backup.stop-during-backup=wavuti
    volumes:
      - pgdata:/var/lib/postgresql/data

  bekapu:
    image: offen/docker-volume-backup:v2
    restart: always
    environment:
      BACKUP_CRON_EXPRESSION: "30 2 * * *"
      BACKUP_STOP_DURING_BACKUP_LABEL: "wavuti"
      BACKUP_FILENAME: "wavuti-%Y-%m-%dT%H-%M-%S.tar.gz"
      BACKUP_PRUNING_PREFIX: "wavuti-"
      BACKUP_RETENTION_DAYS: "14"
    volumes:
      - pgdata:/backup/pgdata:ro
      - /srv/bekapu:/archive
      - /var/run/docker.sock:/var/run/docker.sock:ro
      - /etc/localtime:/etc/localtime:ro

volumes:
  pgdata:
```

Kila kilichopachikwa chini ya /backup kinaingia kwenye bekapu. Kila kontena linaloandika humo lipewe lebo, si hifadhidata peke yake. Kontena la bekapu lenyewe usilipe lebo, maana litajizima katikati ya kazi.

Thamani ya lebo ina maana kuliko inavyoonekana. Ukiacha ile ya kawaida, yaani true, zana itazima kila kontena lenye lebo hiyo kwenye mashine nzima, hata la mradi mwingine usiohusika na bekapu hii. Seva yenye miradi mitatu, kila mmoja na kontena lake la bekapu, itakuwa inazima yote mitatu mara tatu kila usiku. Ndiyo maana kila mradi naupa jina lake, kama hilo wavuti hapo juu. Tena, ukishaongeza lebo endesha docker compose up -d ili kontena liundwe upya. Amri ya restart haibadilishi lebo za kontena lililokwishaundwa.

Mstari wa /etc/localtime nao si pambo. Bila huo cron, yaani kipanga ratiba, inafuata UTC, na ratiba uliyodhani ni ya saa nane na nusu usiku inaweza kuangukia mchana wa kazi.

Sasa kile kinachoamua ubora wa nakala: kuzimika. Docker ikiambiwa isimamishe kontena, hutuma ishara ya kuzima, kwa kawaida SIGTERM, husubiri sekunde 10, kisha hupiga SIGKILL, inayoua bila kusubiri. Imeji rasmi ya PostgreSQL (kifurushi kinachotumika kuunda kontena) imewekewa SIGINT, ambayo kwa Postgres ni kuzima kwa haraka lakini kwa usafi: miunganisho inakatwa, miamala isiyokamilika inafutwa, data inaandikwa diskini. Kwa hifadhidata yenye kazi nyingi sekunde 10 hazitoshi kumaliza hayo, ndiyo sababu ya stop_grace_period ya 90s. Muda huo si wa kusubiri bure. Kontena likimaliza kwa sekunde 4, kazi inaendelea pale pale.

Fungua terminali ya pili, endesha docker events --filter event=die, kisha anzisha bekapu kwa mkono: docker compose exec bekapu backup. Tazama exitCode, namba ambayo kila kontena linaiacha likizimika. 0 ni safi. 137 ni SIGKILL: muda uliisha na kontena likauawa. Postgres iliyouawa hivyo, ikiwashwa, huandika kwenye kumbukumbu zake (logi) "database system was not properly shut down; automatic recovery in progress", na nakala uliyochukua ina hali hiyohiyo. Itajirekebisha kwa kutumia WAL mara nyingi, lakini kama ni hivyo, umewakatizia watumiaji huduma kwa faida gani?

143 ndiyo inayodanganya. Mara nyingi maana yake mchakato mkuu ulikufa kwa SIGTERM bila kuishughulikia. Chukua imeji ambayo mwanzo wake ni hati ya sh inayomalizia kwa kuita programu bila neno exec. Hapo PID 1, yaani mchakato wa kwanza wa kontena, ni sh, haiipelekei programu ishara, sekunde 10 zinaisha, unapata 137. Wengi wakiona hivyo huongeza init: true na kufurahi kwamba sasa kontena linazimika papo hapo. Kilichotokea ni kwamba tini, mchakato mdogo unaowekwa na init: true kuwa PID 1, imempelekea sh ishara, sh imekufa mara moja, tini imetoka, na kernel imeua kila kilichobaki ndani, programu yako ikiwemo. Namba imekuwa nzuri zaidi, kuzimika kumekuwa kubaya zaidi. Dawa ni kuandika exec mbele ya amri ya mwisho ya hati hiyo, ili programu yenyewe ipokee ishara.

Kwa upande wa muda wa kukatika huduma, zana imepangwa vizuri. Makontena yanakaa yamezimwa wakati tar inaundwa tu. Usimbaji kwa GPG na upakiaji kwenda mbali hufanyika baada ya kuwashwa. Hata uundaji wa tar ukishindwa, bado inayawasha. Hesabu ni rahisi: diski inayosomeka MB 150 kwa sekunde inahitaji dakika 2 kupitia GB 18, kabla hujaongeza ubanaji. Na ubanaji ndio unaokula muda, kwa sababu gzip ya kawaida hapa inatumia uzi mmoja. GZIP_PARALLELISM ikiwa 0 inatumia nyuzi zote za kichakataji. Au weka BACKUP_COMPRESSION kuwa zst, na ukumbuke kubadilisha kiambishi cha jina la faili. Folda ya picha na video isibanwe kabisa na wala isikae kwenye bekapu moja na hifadhidata: iweke kwenye ratiba yake, bila kuzima chochote, maana mafaili hayo huandikwa mara moja na kubaki yalivyo.

Tar inaundwa kwanza ndani ya /tmp ya kontena la bekapu, yaani kwenye diski ya seva ambako Docker huhifadhi makontena. Ukisimba kwa GPG, kwa muda kunakuwa na nakala mbili humo. Seva yenye nafasi ya GB 20 na data ya GB 15 isiyobanika haitafika. Pachika diski nyingine kwenye /tmp na tatizo limeisha.

Ukiona kwenye kumbukumbu "archive/tar: write too long" au "missed writing" ikifuatiwa na idadi ya baiti, usikimbilie kulaumu diski. Kichwa cha kila faili ndani ya tar hubeba ukubwa wake kabla ya kusomwa. Faili likikua au kusinyaa katikati, hesabu inagoma. Kuna kitu bado kinaandika kwenye voliumu. Aghalabu ni kontena la kazi za nyuma, lile la foleni au la cron, lililosahauliwa lebo. Mimi nauchukulia ujumbe huo kama rafiki: faili linalobadilika bila kubadilisha ukubwa lisingelalamika kabisa.

Mambo mawili kuhusu kuwasha tena. Zana inazungumza na API ya Docker moja kwa moja, hivyo haijali depends_on, mpangilio wa Compose wa nani aanze kwanza. Programu inaweza kuamka kabla ya hifadhidata. Kama haijui kujaribu tena kuunganishwa, itakufa, na sera ya restart ndiyo itakayoiokoa. La pili ni sera yenyewe. Kwa unless-stopped, kontena lililozimwa kwa amri halirudi hata Docker ikianza upya. Umeme ukikatika katikati ya bekapu, seva itawaka na makontena yako yatabaki yamelala mpaka mtu agundue. Kwa always yanarudi. Makontena yote yenye lebo hii nimeyapa always.

Soketi ya Docker, yaani ile /var/run/docker.sock inayopitisha amri kwenda Docker, ni bei halisi ya zana hii. Ile :ro mwishoni inazuia faili la soketi lisibadilishwe, haizuii amri zinazopita ndani yake. Anayeishika anaishika mashine. Kwenye seva ya watu wengi weka proksi ya soketi katikati, inayoruhusu tu amri ambazo zana inazihitaji, kama kuorodhesha, kuzima na kuwasha makontena, na uielekeze zana huko kwa DOCKER_HOST.

Ufutaji wa bekapu za zamani umefikiriwa: ikiwa sheria ya siku 14 ingefuta kila kilichopo, zana inakataa. Lakini bila BACKUP_PRUNING_PREFIX inahesabu kila kilicho kwenye folda kuwa chake, hata faili uliloweka kwa mkono. Taarifa weka kupitia NOTIFICATION_URLS. Kwa kawaida zinatumwa kukiwa na kosa tu. Mimi naweka NOTIFICATION_LEVEL kuwa info, kwa sababu kontena la bekapu lililokufa halitumi kosa.

Haifai kwa kila mtu. Kila bekapu ni nzima, hakuna ya nyongeza, kwa hiyo data ya GB 300 kila usiku ni mzigo usio na maana. Huko nenda kwenye zana kama restic au picha ya papo hapo ya mfumo wa mafaili wa ZFS. Huduma isiyoruhusiwa kukatika hata dakika moja pia isiguse njia hii. Kwa Postgres kuna njia ya tatu ninayoichanganya na hii: lebo ya docker-volume-backup.archive-pre huendesha amri ndani ya kontena kabla halijazimwa, hivyo pg_dump, amri ya Postgres ya kutoa yaliyomo kwenye hifadhidata (dump), inaandika kwenye voliumu nyingine iliyopachikwa pia chini ya /backup, na vyote viwili vinaingia kwenye tar moja. Amri yenye kuelekeza matokeo kwenye faili lazima ifungwe ndani ya /bin/sh -c.

Sababu ya kutaka dump juu ya nakala ya mafaili inaonekana siku ya kurejesha. Folda ya data ya toleo la 16 haifunguki na toleo la 17. Mmiliki wa mafaili kwenye imeji ya Debian ni UID 999, kwenye ya Alpine ni 70, na hata ukirekebisha kwa chown, upangaji wa herufi wa glibc (maktaba ya mfumo ya Debian) na wa musl (ya Alpine) haulingani, kwa hiyo faharasa za maandishi zinaweza kutoa majibu ya uongo hadi uzijenge upya kwa REINDEX. Dump inavuka yote hayo.

Kurejesha kwenyewe ni kazi ya mkono, zana haikufanyii. Zima mradi kwa docker compose down, bila -v. Unda voliumu tupu yenye jina jipya, kisha fungua humo kwa mtumiaji root ili umiliki ubaki ulivyo:

```
docker volume create jaribio
docker run --rm -v jaribio:/mpya -v /srv/bekapu:/b:ro alpine \
  tar -xzf /b/JINA.tar.gz -C /mpya --strip-components=2 backup/pgdata
```

Njia ndani ya tar zinaanza na backup/, ndiyo sababu ya kukata ngazi mbili. Orodhesha kwanza kwa tar -tzf uone kama kuna mkwaju (/) mbele. Elekeza kontena la Postgres la toleo lilelile kwenye voliumu hiyo, bila kufungua bandari, na usome kumbukumbu zake. Unachotafuta ni "database system was shut down at" pamoja na saa ya bekapu. Ukikuta "was interrupted", rudi kwenye stop_grace_period kabla ya usiku unaofuata.