Greenwich: tufe lilishaanguka, mamangu bado alilingoja

Nyota moja. Mkifika chini mtaona nilitaka kuongeza kisha nikaghairi, basi mnisamehe mapema.

Kampuni sitaitaja. Ni moja kati ya hizi za kutembeza wageni kwa miguu pale Greenwich, kitongoji cha London kilicho kando ya mto Thames, upande wa kusini-mashariki. Mnakutana penye ile meli kuukuu, Cutty Sark, mnafuata mwavuli wa mwongozaji.

Mamangu alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Mombasa, wakati wa joto lao. Hakutaka Big Ben, hakutaka maduka. Alitaka Greenwich basi. Marehemu babangu alikuwa baharia, na nyumbani redio ilikuwa haizimwi. Kila zikitajwa saa za Greenwich mzee alikuwa akiinua mkono kuitazama saa yake, hata kama amelala nusu. Mama alitaka kuona hizo saa zatoka wapi. Na zaidi ya yote alitaka kuliona tufe jekundu lililo juu ya paa la jumba la wanajimu wa mfalme, wale wapima nyota. Kila siku, saa saba mchana kamili, linaanguka kwenye mlingoti wake. Desturi hiyo ilianza mwaka 1833, ili manahodha waliotia nanga mtoni waziweke sawa saa zao kabla ya kwenda baharini. Nilimwonyesha picha yake mimi mwenyewe. Hilo ndilo lililoniponza.

Tulikwenda kwa njia ya miguu inayopita chini ya mto. Mita 370, vigae vyeupe, baridi kama kisimani. Ilifunguliwa mwaka 1902 kwa sababu wafanyakazi waliovuka kwenda bandarini walikuwa wamechoshwa na feri. Mtu wa Likoni akisoma hapa atajua kwa nini niliguna. Mama aliuliza, "Hapa juu yetu ni maji?" Nikamwambia ndiyo. Akasoma dua mpaka upande wa pili, polepole, maana goti lake la kulia si zima.

Mkutano ulikuwa saa tano. Tulifika mapema. Saa tano hakuna mtu. Saa tano na robo hakuna mtu. Tuko wageni kumi na kitu tunatazamana. Sasa fikirieni mahali penyewe: mwaka 1884 mataifa 25 yalikaa Washington, na wengi wakakubali kwamba ulimwengu mzima uhesabu longitudo, ile mistari ya ramani inayopimia mashariki na magharibi, na saa pia, kuanzia hapa. Wafaransa walinuna na saa zao za Paris mpaka mwaka 1911, lakini nao mwisho wakaja. Hapo ndipo mwongozaji wetu alipotokea saa sita kasorobo, kikombe cha kahawa mkononi, bila hata samahani. Eti treni. Mtu anauza habari za saa, na mwenyewe hana saa!

Haki yake nimpe: anajua kusimulia. Alisema Cutty Sark ilishushwa majini mwaka 1869, iwahi kuleta chai kutoka China, na mwaka huohuo Mfereji wa Suez ukafunguliwa, stima zikapita njia ya mkato na jahazi la watu likabaki na mbio zake. Baadaye ikabeba sufu kutoka Australia. Mama alitikisa kichwa kama aliyefiwa.

Akatuingiza ukumbi uliochorwa dari lote na James Thornhill, kazi ya miaka 19. Majengo hayo yalikuwa makao ya mabaharia wazee, na ukumbi ulikusudiwa kuwa mahali pao pa kulia. Ulipokwisha ukaonekana mzuri mno, wazee wakala chumba cha chini. "Kama vyombo vya kabatini kwetu," mama akasema. Nikamfasiria yule kijana mwongozaji, akacheka kweli. Mpaka hapo nilikuwa nimeshamsamehe kuchelewa.

Kisha akaeleza kwamba majengo yale yamepasuliwa mafungu mawili, na uwazi katikati, kwa sababu Malkia Mary II hakutaka azibiwe mto asiuone kutoka kwenye nyumba ya nyuma. Mnasikia? Mtu mmoja asikose kutazama kitu, wakapindisha ramani nzima. Hili nililikumbuka baadaye, na nilipolikumbuka damu ilichemka.

Kwa sababu saa saba kasorobo ndiyo kwanza akashtuka kwamba kuna kilima. Ni kilima hasa, kifua kinakupanda. Mwavuli ukaondoka mbio na wenye miguu wakaufuata. Niliita. Aligeuka, akapunga mkono, akaendelea. Nikabaki na mama, tukipanda hatua tatu, tukipumzika, hatua tatu, tukipumzika. Hapo katikati niliona tufe likipanda kwenye mlingoti. Sikumwambia. Kisha miti ikatuziba.

Tulifika juu saa saba na dakika ishirini kwa simu yangu.

Sasa, kwenye lango la jumba lile kuna saa ya ukutani ya tangu mwaka 1852. Uso wake una saa 24, sifuri juu, kumi na mbili chini kabisa. Na haisogezwi mbele wakati wa kiangazi kama saa nyingine za Uingereza. Yenyewe ni Greenwich daima. Kwa hivyo saa ile ilikuwa ikisema saa sita na dakika ishirini, mshale mfupi umeelekea chini, pale pale ambapo kwenye saa ya kawaida pana sita. Mama akaitazama. Uso ukamng'aa. "Alhamdulillahi, tumewahi! Na saa yao ni ya Kiswahili." Akajiegemeza kwenye kitako cha ukuta, akainua macho kwenye tufe, akaanza kungoja.

Tufe lilikuwa limekaa chini ya mlingoti, kazi imekwisha.

Nikamwendea yule kijana nikamweleza, kwa adabu, wallahi kwa adabu. Akanijibu, "Linaanguka kila siku, rudini kesho." Nikamwambia mama anasafiri kesho alfajiri. Akasema ningetangulia kuwaambia kwamba nina mtu wa mwendo huo.

Mtu wa mwendo huo!

Yaliyofuata sikuyasikia vizuri. Kulikuwa na ule mstari wa longitudo sifuri ambao watu hupanga foleni wapigwe picha, mguu mmoja mashariki, mmoja magharibi. Halafu eti satelaiti zinaiweka sifuri mita 102 mashariki ya mstari, huko kwenye bustani. Kumbe hata mstari wenyewe si penyewe, na tumelipa.

Hapa sasa ndipo nilipoyumba. Wakati wa kushuka yule kijana alirudi nyuma peke yake, akampa mama mkono, akamteremsha kwa njia ndefu isiyo na mwinuko. Alimwuliza kuhusu babangu, meli gani, bandari zipi, nami nikawa mkalimani wao. Mama akafungua mkoba akampa mabuyu. Akayamumunya mpaka midomo ikawa myekundu, na bado akaomba mengine. Nikasema moyoni, ah, kijana huyu katumwa tu, njaa zake na ratiba za watu. Nyota tatu. Hata nne.

Kisha nikaandikia kampuni. Sikudai pesa zote, nilidai za mama tu. Jibu likaja baada ya siku kadhaa: matembezi yalikamilika kwa muda uliopangwa, na ukiwa na dakika moja tafadhali tuambie umefurahia kiasi gani. Muda upi? Wa lango au wa simu yangu? Nimerudi kwenye moja na sishuki wala sipandi.

Mama kule Mombasa anawaambia majirani kwamba ameliona tufe. Ni kweli, ameliona.

Mnaotaka kwenda, nendeni wenyewe. Tufe linaonekana bure kutoka kwenye nyasi za bustani, hulipi mtu. Saa saba kasoro dakika tano linapanda nusu, kasoro dakika mbili linafika juu, saa saba linaanguka, na halina kishindo, ukipiga chafya umelikosa. Fuateni saa ya simu, si ya langoni. Mwenye goti bovu aanze kupanda saa sita.