Mwaka mmoja na mfumo wa akiba ya dawa wa papo hapo: uzoefu wangu

Mimi ni mtunza stoo ya dawa hospitalini. Miaka yote nimefanya kazi kwa kadi ya stoo, daftari, na ripoti ya mwisho wa mwezi ambayo hadi imfikie anayetuletea dawa, hesabu iliyomo imeshapitwa. Sasa ni mwaka tangu tuanze kutumia mfumo unaopokea taarifa papo hapo. Boksi likiingia au likitoka tunaskani barkodi yake kwa simu, na mfumo unanasa jina la dawa, namba ya bechi (kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe ya kuisha muda. Friji za chanjo zimefungwa vipima joto vinavyotuma vipimo kila baada ya dakika chache, mchana na usiku.

Nianze na friji, maana hapo ndipo mfumo huu uliponiteka. Saa nane usiku simu yangu ililia: friji moja iko nyuzi 1.1 na inazidi kushuka. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi wetu tulifundishwa kuogopa joto, lakini zipo chanjo ambazo kuganda ndiko kunakoziua: ya homa ya ini B, na zile za pepopunda na dondakoo. Zikiganda mara moja basi, hata zikiyeyuka nguvu yake hairudi, na kwa macho ya haraka huwezi kuzitofautisha na nzima. Nilimpigia muuguzi wa zamu, akahamishia trei zote kwenye friji ya pili. Nilipofika alfajiri, chupa ya maji iliyokuwa rafu ya chini ilikuwa imeota barafu shingoni. Tulizoea kuandika joto mara mbili, asubuhi na jioni. Kumbe usiku kucha karatasi ile ilikuwa haioni kitu.

Hata hivyo, wiki za mwanzo kengele zilitutesa. Mfumo ulikuja umepangwa kulia kila mlango wa friji unapoachwa wazi kidogo, na watu wakaanza kuzima sauti za simu, jambo ambalo ni hatari kuliko kukosa kengele kabisa. Vipima joto vinavyofuata viwango vya Shirika la Afya Duniani hupiga kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likifika -0.5 kwa dakika 60. Tuliweka mipaka hiyo iwe kengele kuu, na onyo dogo la mapema limwendee mtu mmoja tu wa zamu. Kelele zikaisha.

Sasa nije kwenye kasoro iliyoniumiza. Oksitosini huzuia na kutibu kuvuja damu baada ya mama kujifungua. Mwezi mmoja iliisha tukakaa siku 10 bila hata kichupa, tukaazima huku na huko. Ulipofika wakati wa oda, mfumo ulipendekeza vichupa 200. Nikaushangaa. Tulikuwa tumetumia 200 kweli, lakini kwa siku 20 tu ambazo dawa ilikuwepo, yaani 10 kwa siku, kwa hiyo mwezi mzima unataka 300. Mfumo uligawa kwa siku zote 30. Haukujua kwamba dawa haikutoka kwa sababu haikuwepo, ukadhani haikuhitajika. Ningeikubali oda ile, tungeishiwa tena mwezi uliofuata, na mfumo ungeona tena matumizi yale yale ya 200. Sehemu ya kuondoa siku za kuishiwa ipo kwenye mipangilio, ila inakuja imezimwa na imefichwa mbali. Kwa dawa inayookoa mama, nasema wazi kwamba hilo halikubaliki, na watengenezaji nimewaandikia.

Tatizo jingine lilikuwa kwenye wadi. Muuguzi mwenye mgonjwa anayevuja damu hatasimama kuskani kichupa, na wala hapaswi. Dashibodi, yaani skrini ya muhtasari wa akiba, ikawa inaonyesha kuwa bado zipo dawa ambazo zimeshatumika tangu jana. Tulichofanya ni kuhamisha kazi hiyo: mhudumu wa stoo hupita kila asubuhi na simu, anahesabu kabati la wadi na kuingiza kilichopungua. Si papo hapo kamili, lakini hesabu ni ya kweli.

Mengine yako vizuri. Intaneti ikikatika, simu huhifadhi kazi na kuituma mtandao ukirudi. Dawa inayokaribia kuisha muda hujitokeza juu ya orodha ili itoke kwanza. Na siku tulipotakiwa kurudisha bechi moja, tuliipata ilipo, kabati kwa kabati, kabla chai haijapoa. Zamani tungepekua daftari mchana kutwa.

Ningeununua tena, ila kabla ya kulipa ningemkalisha muuzaji mbele yangu anionyeshe jinsi unavyohesabu siku za kuishiwa, kisha anitolee data zangu zote nizione nje ya mfumo wake. Kadi za stoo sijazitupa kwa dawa tano za dharura, na kila Ijumaa tunahesabu kwa mkono. Ijumaa iliyopita tofauti ilikuwa vichupa viwili vya insulini, tukavikuta vimesukumwa nyuma kabisa ya friji, vikigusa ukuta wa baridi.