Tahadhari: msalaba wa wagonjwa "wa mwaka 1880" wenye skrubu za nyota

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Wakatoliki mlioko huku Marekani, kuna muuzaji wa mtandaoni anauza misalaba ya wagonjwa, ile ya kisanduku. Mimi ameshanila dola 180. Nawaandikia asiwale na ninyi.

Kwa asiyeijua: ni msalaba wa mbao wa kutundika ukutani. Ukisukuma kifuniko chake, ndani mna mishumaa miwili, kichupa cha maji ya baraka na kitambaa cheupe. Padre akiitwa kwa mgonjwa mahututi, msalaba unasimamishwa kwenye tundu lake, mishumaa inawashwa huku na huku, na meza iko tayari kwa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Familia nyingi za hapa zilikuwa nao karne iliyopita, kwa hiyo si kitu adimu kama anavyodai.

Niliutaka kwa ajili ya mama, anaumwa sana. Tangazo lilisema "mwaka 1880, sanamu ya Yesu ya fedha tupu". Ulipofika nikaugeuza: kibao cha nyuma kimekazwa kwa skrubu nne za kichwa cha nyota. Skrubu hizo ziliingia sokoni miaka ya 1930! Ingekuwa moja ningesema fundi alibadilisha, lakini zote nne, na hakuna alama ya tundu la zamani? Kichupa ni cha plastiki. Nikasugua miguu ya sanamu hiyo kwa kitambaa, ile "fedha" ikabanduka, chini yake shaba.

Kilichoniumiza zaidi ni alichotaka kuniuzia baadaye: kikopo chenye herufi O.I., yaani mafuta ya wagonjwa, eti "bado kina mafuta ya askofu", dola 90, na zaidi ya hicho, kipande cha mfupa wa mtakatifu. Jamani! Mafuta hayo hubarikiwa kwenye Misa ya Krisma, ile ya askofu kuelekea Pasaka, na anayempaka mgonjwa ni padre peke yake. Masalia ya watakatifu ndiyo kabisa, kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa inakataza kuyauza. Mama alipakwa na paroko wetu, kwa mafuta aliyokuja nayo mfukoni, bila senti.

Atakuomba umlipe kama unamtumia rafiki. Ukikubali, hela hairudi. Mwambie kwanza apige picha ya mgongo wa msalaba. Mimi alinifungia nilipouliza habari za skrubu. Jina anabadilisha, picha habadilishi: kitambaa cha kijani chenye doa la nta pembeni. Jana nimeliona tangazo lake tena, safari hii msalaba ni "wa 1865".